Ukuta Niliouandika Mara Mbili

Karatasi ya mwisho ya mtihani wa kuingia chuo cha walimu iliitwa Mambo ya Dunia, na sote darasani tuliamini kwamba swali litakuwa juu ya Bara Hindi. Mwaka uliotangulia waliuliza Kanada na ngano yake, na kabla ya hapo Australia na kondoo. Mwalimu wetu alisema zamu ya Bara Hindi imefika. Alikisia kama wakulima wa Njoro wanavyoikisia mvua, na mara nyingi alipata.

Naandika haya polepole, kama ninavyoandika kila kitu. Shuleni walinicheka kwa ajili hiyo. Wenzangu walikuwa wakifika nukta ya mwisho, na mimi bado niko kwenye kichwa cha habari. Kusema mbele ya watu nako kulinishinda. Nikiulizwa jina langu, sauti ilikwama kooni kama ugali mkavu, na mtu mwingine alinijibia.

Tunaishi katika landhi za reli hapa Nakuru, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Baba ni fayamani, mtu wa kuchunga moto wa injini, na siku nyingi hupanda milima ya Timboroa akiwa na dereva mmoja Kalasinga. Mama alifuga kuku nyuma ya nyumba, nami nilizungusha mayai kwenye nyumba za Wahindi wa reli, ng'ambo ya uzio.

Baba alikuwa amesema wazi. Nikipata nafasi chuoni, nitasoma niwe mwalimu. Nikikosa, nitapanda treni kurudi kwetu magharibi, ambako shangazi alikuwa amekwisha kuzungumza na watu fulani wenye ng'ombe wazuri. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Basi tulijifunza Bara Hindi. Mwalimu alitusomea imla kutoka katika maandishi aliyoyapata yeye mwenyewe alipokuwa chuoni, nasi tuliyanakili ili tuyakariri neno kwa neno. Bara Hindi hulima juti ya kufumia magunia, chai na pamba. Pamba yake hupelekwa Uingereza kufumwa. Watu wake ni wengi na njaa ni ya mara kwa mara. Bila mashine na mabwana wa kigeni haliwezi kujitegemea. Siku hiyo upepo ulikuwa unashuka na vumbi kutoka mlima wa Menengai, wenye shimo kubwa kileleni, na mlango wa darasa ulikuwa ukijipiga. Mwalimu akasema, bila kuinua macho, "Funga mlango huo." Mvulana mmoja wa dawati la mbele, hodari wa kukariri kuliko sisi wote, aliandika na hilo.

Nyumbani niliyarudia yote kwa jiwe jeupe juu ya mlango wetu uliopakwa lami. Mawe hayo ni mepesi, huchimbwa Kariandusi, na binamu wa Baba aliyefanya kazi machimboni alituletea mfuko mzima. Huandika vizuri kuliko chaki ya shule. Niliandika juti, nikafuta. Niliandika njaa, nikafuta.

Mteja wangu wa mwisho wa mayai alikuwa mke wa yule dereva Kalasinga. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na jikoni kwake redio haikunyamaza. Mchana ilileta sauti kutoka Delhi, ikikoroma na kupotea kama mtu anayeongea huku akivuka mto. Mama huyo alikuwa ana desturi ya kuchovya kila yai katika bakuli la maji ili ajue kama ni zima, na wakati anachovya, nilisubiri mlangoni bila kusema kitu.

Siku moja aliacha yai ndani ya bakuli akaongeza sauti ya redio. Kisha akanitazama.

"Wewe toto ya mayai, hapana jua kusema?"

"Najua, Mama."

"Basi uliza mimi iko furaha gani."

Nikauliza, kwa shida.

"Kwetu Punjab najenga ukuta. Mto yote nasimama. Maji naanguka, nazungusha chuma, taa nawaka mpaka kijiji ya mama yangu. Ndugu yangu iko pale, nachanganya saruji."

"Ukuta mrefu kama Menengai?"

"Menengai shimo tu," akasema. "Hii ukuta."

Nilicheka, nikashangaa kwamba nimecheka. Baada ya siku hiyo nilipeleka mayai yake mwisho makusudi, ili nisiwe na haraka. Alinieleza kwamba serikali yao imepanga kazi za miaka mitano mitano, kama mke anayepanga chakula cha wiki. Alinieleza kwamba pamba yao wanaifuma wenyewe, kwamba wanajenga viwanda vikubwa vya chuma, na kwamba injini za treni sasa wanaziunda wenyewe. Alipiga kikaango chake cheusi cha chapati kwa kijiko, kikalia. "Chuma ya kwetu," akasema.

Mimi sikumeza yote. Nilikuwa nimekariri jambo jingine kabisa, na mtu akisifu kwao hutia chumvi. Nikamwuliza, "Mama, na mashine za viwanda hivyo, nani anawapa?"

Akachovya yai. "Mrusi nasaidia. Mjerumani nasaidia. Mwingereza pia nasaidia. Kweli."

"Na njaa?"

"Njaa iko. Mimi nalala na hiyo nikiwa mdogo. Sasa bado iko. Lakini mtu ya njaa najenga ukuta. Wewe andika hiyo."

Nadhani ni kwa sababu alikubali habari ya njaa ndipo nikamwamini habari ya ukuta.

Nilimwuliza Baba, naye akasema dereva wake huhadithia ukuta huohuo kila wanapopanda Molo, na kwamba kila safari unaongezeka urefu. "Lakini upo," Baba akasema. "Mtu hawezi kuongeza kitu ambacho hakipo."

Juma la mwisho kabla ya mtihani nilimfuata Mwalimu nje ya darasa. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu tangu asubuhi.

"Mwalimu, yale ya Bara Hindi ni ya zamani. Sasa wanafuma pamba yao wenyewe. Wanajenga ukuta wa kuzuia mto, wapate umeme na maji ya mashamba."

Alinitazama kwa mshangao, nafikiri kwa sababu ya urefu wa maneno yangu zaidi ya maana yake.

"Unadhani sijui?" akasema taratibu. "Nami husoma gazeti likinifikia. Lakini sikiliza, binti yangu. Mtihani si mahali pa kujua. Mtihani ni mahali pa kupita. Ukishapita, ujue utakavyo."

"Na nikishapita, nitafundisha lipi?"

"Utakalopewa," akasema, akaenda zake.

Sikukasirika naye. Alikuwa na watoto wengi wa kuvusha na daraja moja tu. Lakini nilikwenda nyumbani nikafuta mlango wote.

Swali lilikuja kama alivyokisia: Eleza jinsi Bara Hindi linavyotegemea nchi nyingine. Nilisikia wenzangu wakipumua kwa raha, kisha kalamu zao zikaanza kukimbia, zote kwa mwendo mmoja, kama mabehewa. Nilikaa nikiliangalia swali. Nilijua jibu la Mwalimu lote, ningeweza kuliandika macho yamefungwa. Niliwaza treni ya magharibi. Niliwaza ng'ombe wa wale watu. Kisha nikaandika: "Bara Hindi lilitegemea, na sasa linajenga."

Niliandika ukuta. Niliandika maji yanayoanguka, na taa kijijini, na chuma, na Mrusi na Mjerumani na Mwingereza wanaosaidia, na njaa ambayo bado ipo. Kengele ililia maji yangu yakiwa bado hayajafika mashambani. Mkono wangu haukunisaidia.

Baada ya majuma kadhaa tuliitwa chuoni kuhojiwa. Niliingia katika chumba chenye harufu ya nta ya sakafu. Mezani walikaa wawili: Bibi Mkuu wa chuo, ambaye ni Mzungu mwenye nywele za kijivu aliyejua Kiswahili vizuri, na mwalimu mmoja wa kiume, Mwafrika, aliyepanga karatasi zetu.

"Wenzako wa shule yako wote wameandika jibu moja," Bibi Mkuu akasema. "Moja kabisa. Mmoja ameniambia hata nifunge mlango."

Yule mwalimu alikohoa ili asicheke.

"Wewe umeandika jingine. Nani alikufundisha?"

Hii ni miaka ya Hali ya Hatari. Ukiulizwa umesikia wapi, unajua kwamba baada ya jibu lako kuna mlango wa mtu utakaogongwa. Nilifikiri redio ile, na miwani yenye uzi.

"Nilisikia, Bibi."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu anayenunua mayai."

"Mtu gani?"

"Wengi hununua mayai, Bibi."

Yule mwalimu aliinamisha kichwa juu ya karatasi. Bibi Mkuu hakucheka, wala hakukasirika. Alivua miwani yake, akaipangusa.

"Huenda uliyoandika ni kweli," akasema. "Sikatai. Lakini hapa tunatafuta walimu wa watoto wadogo. Mwalimu hufundisha anachopewa. Kila mmoja akifundisha alichosikia mlangoni, shule zitakuwa soko. Unanielewa?"

"Naelewa."

"Maksi zako nyingine ni nzuri. Nafasi ipo. Chukua karatasi hii, ukae pale dirishani, uandike jibu alilowapa mwalimu wenu. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Nione kwamba unaweza kutii."

Nilichukua karatasi. Dirishani niliona bonde lote likishuka hadi ziwani, na moshi wa treni ukipanda kutoka stesheni, nikajua Baba huenda yumo ndani ya moshi ule. Nafasi ilikuwa pale juu ya meza, karibu kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika juti.

Kalamu ilikuwa nzito. Nikaandika: "Bara Hindi lilitegemea, na sasa linajenga."

Niliandika kwa mwendo wangu. Hakuna aliyenihimiza. Msichana aliyefuata alichungulia mlangoni, akaambiwa angoje. Niliujenga ukuta tena, tofali kwa tofali, na safari hii maji yalifika mashambani, nikaandika kwamba yamefika. Nilipomaliza nilisimama, nikaipeleka karatasi kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa kumpa mtu mkubwa kitu.

Bibi Mkuu alisoma mstari wa kwanza. Hakusoma wa pili.

"Hakuna nafasi," akasema.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. Ni ajabu, lakini sauti haikukwama.

Njiani kurudi nililia, sitaki kudanganya. Nilipofika landhi machozi yalikuwa yamekauka, na uso ulikuwa umebaki na mistari katika vumbi. Baba alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. Nilimweleza yote, hata mayai. Aliendelea kusugua kidole kimoja kwa muda mrefu.

"Basi ni treni," akasema.

"Sipandi, Baba."

Mama alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Sikuwa nimewahi kumjibu Baba hivyo, wala sikujua kwamba nitamjibu. "Nitafanya mtihani tena mwakani. Ukinipandisha kwa nguvu, nitashuka Molo nirudi kwa miguu."

"Molo kuna baridi," Baba akasema.

"Nitarudi na baridi yangu."

Akanitazama kama anavyoitazama geji ya mvuke, akipima. "Na mwakani utawaandikia nini?"

"Hilohilo."

Alijifuta mikono. "Shangazi yako atanitukana," akasema. Kisha akaongeza, "Mwaka mmoja. Treni haikimbii. Ipo kila siku."

Asubuhi iliyofuata nilipeleka mayai. Mke wa dereva aliniuliza kama nimeshinda, nikamwambia sikushinda, nikamwambia na sababu. Jina lake sikulitaja huko, nikamwambia na hilo. Alizima redio, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akakitoa kikaango cheusi cha chapati ukutani, akakiweka mezani mbele yangu.

"Mimi hapana jua kuandika hata kidogo," akasema. "Kihindi hapana, Kiswahili hapana. Ndugu naletea barua, mzee yangu nasoma. Wewe nataka kuwa mwalimu?"

"Nataka."

"Basi anza."

Nilitoa jiwe jeupe la Kariandusi mfukoni. Juu ya chuma kile nikaandika "maji," kwa mwendo wangu, naye akafuata chini yake kwa mwendo wa polepole kuliko wangu, ulimi nje kama mtoto. Hakuna chuo kilichonipa ruhusa. Tunafanya hivyo mpaka sasa, kabla hajawasha moto wa chapati, na ameshaweza kuandika jina la kijiji chao.

Mtihani umekaribia tena. Juzi Mwalimu alinikuta sokoni, mara ya kwanza kunisemesha tangu nilipokosa nafasi. Yule mvulana aliyeandika "Funga mlango" alipata nafasi, akaniambia, na anaendelea vizuri. Kisha akauliza, "Mwaka huu wakiuliza Bara Hindi, utaandika nini?"

"Ukuta, Mwalimu."

Alitikisa kichwa, akachagua vitunguu vyake. Alipokuwa ameshalipa akageuka.

"Basi uwe unaandika haraka kidogo," akasema. "Nasikia mara ya kwanza hukuufikisha mwisho."