Mkwaruzo wa Dakika ya Pili

Masikio hakuwa na masikio makubwa. Nasema hilo mapema kwa sababu wateja wageni, wakiambiwa "nenda chumba cha nyuma ukamwone Masikio," walimtazama kwanza pembeni mwa kichwa, ndipo wakamsalimia. Walikuta masikio ya kawaida tu ya mzee wa miaka sitini na mbili. Jina alipewa na marehemu mkewe, Mwalimu, aliyefundisha darasa la tatu na kurudi nyumbani kila jioni kuulizwa, "Husikii friji inavyolia?" Yeye hasikii, binti yao hasikii, jirani hasikii. Masikio anasikia, na chakula hakishuki mpaka ainuke akasokomeze kipande cha boksi chini ya mguu wa friji. "Haya, Masikio," mkewe alikuwa akisema, "umeridhika sasa?"

Ujana wake wote alikuwa fundi mitambo wa redio. Baadaye akachukuliwa na mama mmoja mwenye duka la vyombo vya muziki, mwanamke mchangamfu anayecheka kabla hujamaliza kichekesho, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: kusikiliza. Spika yoyote ya maana ililetwa kwanza jozi moja ya kujaribia. Masikio anafunga mlango, anakaa nayo, anaandika kwenye daftari, kisha anasema iagizwe au irudi. Akisema irudi, hakuna wa kumbembeleza. Aliwahi kuirudisha jozi iliyosifiwa kila mahali, kisa twita yake ya alumini, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, ilizidisha herufi s mpaka kila msomaji akawa kama anafukuza paka.

Chumba chake kilikuwa na zulia zito, mapazia mawili yanayoburuza chini, kochi moja, na stendi mbili za chuma alizozijaza mchanga kwa mkono wake ili zisitikisike. Sakafuni kulikuwa na alama za utepe mweupe. Spika ilikaa juu ya alama, si pembeni ya alama, na ole wake mfagiaji atakayesogeza stendi kwa kidole kimoja.

Jozi iliyofika Jumatano ilikuwa ya zile spika ndogo za kuweka kwenye rafu. Kimo chake hakikuzidi kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, lakini moja ilimtoa jasho kuinyanyua. Aligonga boksi kwa kifundo cha kidole. Lilijibu kwa mlio mfupi mkavu, mlio wa kitu kisicho na uwazi wala uongo. Kisha akaondoa kitambaa cha mbele, akatabasamu peke yake. Spika nyingi zina koni kubwa chini kwa sauti nzito na twita ndogo juu kwa sauti nyembamba, kwa hiyo msomaji mmoja anatokea sehemu mbili, kifua huku, meno kule. Kwa hizi, twita ilipandwa katikati ya koni, kama kiini katikati ya yai la kukaanga. Sauti yote inatoka tundu moja. Koni yenyewe ilikuwa ya nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu, na twita ilikuwa ya madini mepesi kuliko alumini, ambayo karatasi ya maelezo ilionya yasiguswe kwa kidole hata kwa mapenzi.

"Tutaona," Masikio akaziambia.

Kila msikilizaji wa kazi hii ana kitu chake cha kupimia, kitu anachokijua kuliko anavyojua ngazi za nyumbani kwake. Wengine wana ngoma, wengine wana kwaya. Masikio alikuwa na diski ya Mwalimu. Aliirekodi miaka kumi na mitatu iliyopita, saa ya chakula cha mchana, studio ikiwa tupu, kwa maikrofoni mbili bora za kituo cha redio alichokuwa karibu kukiacha aje dukani. Mwalimu hakuwa na cha kusoma, akachomoa mkobani karatasi ya maelekezo ya pasi mpya. Akasoma yote, kwa sauti ya darasani. "Usiache pasi ikiwa ya moto juu ya nguo." Alipofika "hakikisha mtoto hachezei waya" akacheka, kwa sababu aliyekuwa akichezea waya nyumbani alikuwa mumewe.

Na ndani ya diski hiyo kulikuwa na mkwaruzo. Dakika ya pili, kati ya sentensi na sentensi, kitu kidogo kilikwaruza. Spika mbovu hazikukitoa kabisa. Spika za wastani zilikitoa kama vumbi. Spika nzuri zilikitoa waziwazi, na hapo Masikio aliwanyooshea wateja kidole: "Umesikia? Hiyo ni karatasi inasugua mkono wa blauzi!" Wateja walifurahi sana kusikia karatasi. Bosi alikuwa akisema karatasi ile imeuza spika kuliko matangazo yote aliyowahi kuweka. Kwenye daftari kulikuwa na safu yake maalumu, Mkwaruzo, na chini yake maneno mawili tu kila mara: unasikika, hausikiki. Jozi mia mbili na kitu zilipimwa hivyo.

Sasa lazima niseme juu ya binti, kwa sababu bila binti hadithi hii ni ya spika tu.

Mwalimu alikufa miaka miwili baada ya kurekodi. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye njia ya hewa, pole pole, na ulipogunduliwa zilibaki wiki sita. Daktari aliuliza, mezani, karatasi mkononi: "Kwa muda mrefu hamkusikia akikwaruza akivuta pumzi?" Masikio akajibu hapana, hakusikia kitu. Binti, wakati huo ana miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Nje kwenye korido akamuuliza baba yake tena, peke yake: "Kweli baba, hakukuwa na dalili?" Akamjibu, "Mama, mimi ningekosa kusikia? Mimi?" Hilo lilitosha. Kama Masikio hakusikia, basi hakikuwepo cha kusikika. Binti alilia, akanyamaza, akaenda kusomea uuguzi, na sasa alikuwa kwenye wodi ya vifua. Kila Alhamisi alikuja dukani na kontena la chakula, wakala pamoja kwenye kochi, magoti yakigusana. Wawili hao hawakuwa na mtu mwingine duniani, na kilichowaweka pamoja ni lile jibu la koridoni.

Jumatano hiyo, kabla hata hajazijaribu, Masikio alimpigia simu. "Kesho njoo na njaa ya masikio pia. Kuna spika hapa, mama yako atakaa mbele yako."

Alhamisi asubuhi akaweka diski.

Mwalimu alikuwepo. Sitaki kuongeza chumvi: Masikio alisogeza mguu ili asimkanyage. Alimsikia amekaa, uso ukiwa kimo cha uso wake, na karatasi ya pasi ikiwa chini, kulia kwake yeye, yaani mkono wa kushoto wa Mwalimu, kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu wa mashoto na spika zote za awali zilikuwa hazijawahi kulisema hilo. Karatasi ikageuzwa. Ilisikika kule kule kulia, laini, kama karatasi.

Kisha mkwaruzo ukaja. Haukuja kulia. Ulitoka katikati, mdomoni, na chini kidogo ya mdomo. Ulianza pale alipovuta pumzi, ukaisha pale pumzi ilipoisha. Akarudisha. Akarudisha tena. Sentensi inayofuata nayo ilikuwa nao, mdogo zaidi, na inayofuata pia. Karatasi ilikuwa imetulia mkononi.

Masikio aliinuka akafanya mambo ambayo mtu wa kazi yake huifanyia spika anayoitafutia kosa. Alibadilisha waya. Akabadilisha spika, ya kulia kushoto. Akapima umbali wa ukuta kwa kamba. Akakaza skrubu zilizokaza tayari. Maisha yake yote hakuwahi kuomba spika iwe mbovu, na sasa aliomba, midomo ikitembea. Akarudisha kwenye stendi spika za zamani za chumba, na kwenye hizo ulikuwa mkwaruzo tu, ungeweza kuwa karatasi, ungeweza kuwa chochote. Akakaa nazo nusu saa akijaribu kuziamini. Hakuweza. Aliogopa, na alijua anachokiogopa kina miguu na kinafika saa saba.

Saa saba binti akaingia na kontena, viatu vyeupe vya wodini bado mguuni.

"Shikamoo baba. Ziko wapi hizo za maajabu?"

"Marahaba mama. Ah, zina kasoro. Ndo mambo ya watu wanasifia tu. Tule kwanza."

"Kasoro gani? Jana uliniambia mama atakaa mbele yangu."

"Jana nilikuwa sijazisikiliza. Kaa, chakula kitapoa."

Angepona pengine, kama si bosi kupitisha kichwa mlangoni na kicheko chake. "Kasoro? Mzee, mimi nilizisikia ukutani asubuhi nzima, nikajua leo umeoa upya! Mwekee binti asikie karatasi!" Na kwa sababu ni duka lake, akaingia, akanyanyua zile ndogo mwenyewe akihema, akazipandisha kwenye stendi, akachomeka waya na kubonyeza. Masikio angeweza kusema hapana. Alikaa na kijiko mkononi.

"Usiache pasi ikiwa ya moto juu ya nguo," akasema Mwalimu.

Binti aliziba mdomo. Macho yalimjaa, na kwa dakika nzima alikuwa mtoto, akitabasamu na kulia kwa pamoja, na baba yake alimtazama akijua ndiyo dakika ya mwisho. Bosi alitoka akinyata, aliona amewapa zawadi.

Dakika ya pili binti akaacha kutabasamu. Akainamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho. Masikio hakuwahi kumwona kazini, lakini alijua hivyo ndivyo anavyowasikiliza watu wodini.

"Rudisha," akasema.

Akarudisha.

"Hiyo siyo karatasi, baba."

"Ndiyo nakwambia zina kasoro, zinachanganya..."

"Baba. Nasikia hiyo sauti kila siku. Hapo njia imeshaanza kuziba." Akachukua kasha la diski mezani. Masikio aliandika tarehe kwenye kila kitu. Hata kopo la sukari nyumbani lilikuwa na tarehe. Binti akaisoma, akahesabu kimya. "Miaka miwili kabla hajafa," akasema. "Wagonjwa wa hivi tunawatoa uvimbe. Anakaa wiki, anarudi nyumbani."

Daftari la kwanza lilikuwa juu ya rafu na mengine mawili. Alijua yalipo, alipokuwa msichana alikuwa akichorea maua kwenye majalada. Akaanza na la mwisho, akirudi nyuma, kidole chake kikishuka kwenye ile safu. Unasikika. Unasikika. Hausikiki. Unasikika vizuri. Masikio alitaka kumwambia aache.

Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari la kwanza kidole cha binti kilisimama. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama mama yake alivyosoma ya pasi.

"Diski ya kupimia, imekamilika. Kuna mkwaruzo dakika ya pili. Nimemuuliza Mwalimu, anasema ni kifua tu, kinambana siku hizi. Nisifute, unafaa kwa majaribio."

Mwandiko ulikuwa wake. Wino wa buluu, zile herufi zake za fundi zilizosimama wima. Masikio aliusoma akiwa ameinama juu ya bega la binti, na hakukumbuka kuuandika. Alikumbuka karatasi. Alikuwa amewaambia watu mia mbili kwamba ni karatasi, na mahali fulani katikati ya watu hao na yeye akasadiki.

"Daktari alipokuuliza," binti akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilisahau, mama. Haki ya Mungu nilisahau."

"Afadhali ungekuwa umenidanganya," akasema. "Mtu anayedanganya angalau alisikiliza."

Akalirudisha daftari mahali pake, sawa na ukingo wa rafu, kama alivyofundishwa. Kontena hakulifungua. Alifunga vifungo vya koti kimoja baada ya kingine, akamwacha baba yake asimame, akakwepa mkono wake bila ukali wowote, kama anavyokwepwa mtu mlangoni.

"Alhamisi ijayo nina zamu," akasema.

Bosi alipomwona amepita dukani bila kuaga, alikuja akachungulia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, kalamu mkononi, daftari la mwisho gotini.

"Amelia sana, maskini. Na spika? Zirudi?"

"Ziagize," Masikio akasema. "Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia."

Aliandika hivyo hivyo, na tarehe. Kwenye safu ya Mkwaruzo aliweka ncha ya kalamu, akaiacha hapo mpaka wino ukafanya doa. Ratiba ya zamu za binti ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji ya Masikio nyumbani, na aliijua yote kichwani, juma kwa juma. Alhamisi ijayo binti alikuwa na mapumziko.