Kitanda cha Kukimbia Nacho

Wakati wa vita vya pili vya Kongo, karakana yetu pale Kadutu, mjini Bukavu, ilikuwa inatengeneza makabati mazito ya nguo, na hakuna aliyeyanunua. Nani anunue kabati lisilopita mlangoni, naye hajui kama kesho atalala Bukavu au porini? Mimi nilikuwa mchoraji wa karakana, msichana peke yangu kati ya wanaume wenye vumbi la mbao masikioni, na kazi yangu kubwa siku hizo ilikuwa kuchonga penseli.

Patroni, mwenye karakana, ambaye sote tulimwita papa kwa heshima, alikuwa mtu wa mikutano. Zamani alihudhuria semina ya wakubwa wa makampuni, akarudi akiamini kwamba mawazo mapya huzaliwa watu wakikaa duara. Basi tulikaa duara. Asubuhi moja, wenye bunduki walikuwa wametoka kupita mtaani na magodoro ya watu kichwani, akatuuliza, "Sasa watu banahitaji nini?"

"Amani," fundi mmoja akajibu.

"Ile hatuna mbao yake. Ingine?"

Nikamwambia nilichokiona siku tulipokimbia kuelekea Kavumu: mama amebeba ubao mmoja wa kitanda chake, kilichobaki amekiacha. "Tufanye kitanda ya kukimbia nayo, papa."

Wote wakacheka, isipokuwa patroni.

Nilichora kitanda kisicho na msumari hata mmoja, kwa sababu misumari haikuwepo. Mbao ziliingiliana, zikakazwa kwa kabari. Ukizigonga kabari zitoke, hata kwa mchi wa kutwangia sombe, kitanda kizima kinafunguka na kuwa mzigo mmoja. Tulipokimaliza, patroni alimwita padri aje akibariki na, kwa ajili ya matangazo, akilalie. Padri wetu alikuwa mtu aliyeshiba. Akanyunyiza maji ya baraka, akajinyoosha, kitanda kikalia kama mlango wa kanisa, kabari zikachomoka. Neno alilolitamka akiwa sakafuni, miguu juu, halimo katika misale.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa ng'ambo ya barabara. Huko palikuwa na karakana ya mzee aliyejifunza useremala pamoja na patroni, kisha wakagombana hadi hata msibani kila mmoja akawa anakaa upande wake.

"Mbao yenu iko mubichi!" akapiga kelele. "Ikikauka inapunguka, kabari inatoka! Hata mbuzi anajua!"

"Papa, tumuulize vile anakausha," nikamwambia patroni.

"Nimuulize ule? Afazali padri aanguke tena."

Wezi ndio waliotupatanisha. Wiki ile ile walipora pande zote mbili: kwetu walichukua randa, kwake misumeno. Tukabaki sisi na misumeno, yeye na randa. Siku iliyofuata mzee akavuka barabara, randa kwapani kama anabeba kuku.

"Nitabaonyesha kukausha," akasema. "Lakini na mimi munionyeshe ile mapicha."

Siri yake, aliyokuwa ameificha kama mtu anayeficha nyama mgeni akibisha hodi, ilikuwa kuzipanga mbao juu ya tanuri la matofali na kuzigeuza kama mikate. Sisi tukampa michoro na vigezo vyetu vya kupimia mbao, nilivyovikata kwenye makopo ya mafuta ya msaada, maana vitanda vyake alivitengeneza kwa macho na mguu wa kimoja haukuingia kwenye kingine. Halafu yeye na patroni wakabishana kuhusu kabari: iingie kwa pembeni au kwa juu? Mafundi wakajaribu kote. Ya juu ilizidi kukaza kila mtu alipolala. Mpaka leo kila mzee anadai alikuwa ameisema yeye.

Vitanda vikauzika. Kisha askari wakaja, wakabeba kimoja bila kuuliza bei. Kesho yake wawili wakarudi, mmoja ameshika mguu wa kitanda.

"Chef wa hapa iko nani? Kitanda yenu inakataa!"

Patroni akasema kitu pekee alichokijua: "Tukae duara."

Wakakaa kweli, bunduki magotini. Nikawaonyesha kwenye mchoro wangu kwamba walikuwa wamesimamisha miguu ikitazama mbinguni. Mmoja akafurahi mno, akashauri tuweke mikanda, mtu akivae mgongoni kama begi, mikono ibaki huru. Walipoondoka, patroni akatema mate chini.

"Siweki wazo ya mwizi mu kitanda yangu."

"Na mbao yako unaitoaka wapi?" mzee akamuuliza. "Mu pori ya baba yako? Si ni ya kuiba vilevile?"

Mikanda ikawekwa. Kitanda kilichoporwa hakikurudi, lakini vyenye mikanda vilitoka haraka kuliko tulivyoweza kukausha mbao. Mwishowe karakana zikawa moja. Wazee wakaanza kugombana jina la nani litangulie kwenye kibao, hadi wakaamua kibao kisiwe na jina, kiwe na picha ya kitanda tu. Niliichora mimi, na hakuna aliyenishukuru.