Filimbi Mbili Kwenye Ukungu

Filimbi niliisikia kabla sijaona mtu, kali, fupi, na haikuwa yangu, na aibu yangu ilianzia hapo hapo. Chekeni tu, nimeshazoea.

Timu ilikuwa kambini Lushoto, kwetu, na mimi kocha msaidizi nilikuwa nimeshamwambia mama na nusu ya usharika kwamba kocha mkuu akishafukuzwa timu ni yangu (nani mwingine?), kumbe viongozi wamemleta Zuberi, kijana aliyeniamkia shikamoo mbele ya wachezaji kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi. Na timu ikabadilika! Vijana waliokuwa wakikokota miguu kwangu sasa wanapanda mlima wakiimba, wanazungumzia ubingwa, sisi tulioponea chupuchupu kushuka daraja.

Asubuhi hiyo nilichelewa makusudi nione kama nitatafutwa. Sikutafutwa. Nikasimama nyuma ya goli, ukungu mzito hata nyavu sizioni, nikasikia Zuberi akipuliza na miguu yote ikiitika pamoja, tamu kweli, moyo ukaniungua, nikajiambia ngoja nipulize mara moja tu, nijue kama bado yupo anayenisikia.

Nikapuliza.

Alisimama mmoja. Wenzake wakampitia kwa kasi, nikasikia kishindo na "Mama wee!", halafu ukungu (ukungu wa kwetu hauna adabu) ukanyanyuka ghafla, nikaonekana mashavu yamejaa, filimbi mdomoni, mbele ya kikosi kizima na akina mama wanaopeleka peasi sokoni.

"Kumbe mghoshi!" kipa akaangua kicheko, ndivyo wanavyotutania Wasambaa. "Wewe refa wa mechi gani?"

Akina mama walitua matenga ili wacheke vizuri.

Aliyeanguka alikuwa Elisante, winga niliyemtoa mwenyewe Malindi, ile ya huku huku Lushoto, aliyekuwa ametajwa jana yake kuanza mechi ya kwanza ya ligi. Katika chumba cha kubadilishia nguo kifundo chake kilikuwa kimevimba.

"Mbona ulisimama peke yako?" nikamuuliza.

"Niliijua filimbi yako, mwalimu. Nikadhani wamekurudishia timu." Akakitazama kifundo. "Mechi ndiyo imeshanipita."

(Sijapuliza tena filimbi nisiyotumwa, na sitapuliza.)

Zuberi aliingia na barafu, akaiweka kwenye kifundo. Nikainama nimbebe Elisante.

"Acha tu, mwalimu," akasema, akinyoosha mkono upande wa pili. "Kocha atanishika."

Wakatoka wamekumbatiana mabega, na Zuberi akaurudisha mlango taratibu, kwa adabu ile ile.