PDF Iliyomkatia Mama Mkwe Maneno

Jamani, mkinicheka leo nichekeni polepole, maana tangu siku ile hadi sasa nikisikia mama mkwe wangu anakohoa upande wa pili wa ukuta, natafuta viatu vyangu viko wapi.

Wakati ule alikuwa hajawa mama mkwe bado (na ubaya wenyewe ndio huo). Nilikuwa nimemposa Clarisse, na wajomba zake walisema watanipa jibu siku ya kumaliza matanga ya baba yake, kwao, mtaa wa Kampemba, watu wakishakula. Kwa hiyo siku hiyo nilitakiwa nifanye jambo moja tu, nisikosee. Sasa mama yake, Mama Ngalula, alikuwa ameandika kwa mkono maneno ya kumkumbuka mumewe, lakini macho yake yamechoka, herufi ndogo hazioni, basi Clarisse akaniomba niyapige chapa niyaweke kwenye tablet, ili mama ayakuze kwa vidole vyake.

"Uweke mu epub," akaniambia. "Mama akikuza, mistari inajikunja yenyewe. PDF iko sawa picha, ukiikuza maneno inatoka inje ya ecran."

Mimi, fundi wa kupiga chapa kule mtaani Bel-Air, nifundishwe na mtu anayesoma riwaya kwenye simu? Epub niliiona kavu, haina urembo. Nikatengeneza PDF ya heshima: maua pembeni, msalaba juu, picha ya marehemu imefifia nyuma ya maneno. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya asiyesikia la mchumba hawakusema kitu, nadhani kwa huruma.

Siku ikafika. Mama Ngalula akasimama kwenye maikrofoni, watu wakanyamaza. Akaikuza ile PDF mpaka herufi zikawa kubwa kama alivyotaka, akaanza kusoma.

"Bwana yangu hakunipenda..."

Akakwama. Mwisho wa mstari ulikuwa nje ya kioo. Akavuta kwa kidole upande wa kushoto, ukurasa ukamponyoka, ukaruka hadi ule wa mwisho, na yeye kwa wasiwasi akasoma alichokiona.

"Asanteni wote. Sasa twende tukule."

Kule nyuma wapishi wakaanza kufunua masufuria. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Ee? Hakumupenda, njo maana tukule?"

"Ni nani alitengeneza hii kintu?" Mama Ngalula akauliza, na maikrofoni ikapeleka swali lile hadi barabarani. Clarisse aliangalia miguu yake. Wajomba waliniangalia mimi.

Hapo ningekuwa na akili ningemtuma Clarisse. Kwetu sisi wa asili ya Kasai mkwe hamsogelei mama mkwe: hakai naye benchi moja, hampi mkono, kitu anachompa hupitia kwa mtu mwingine au huwekwa chini kwanza. Nayajua hayo tangu utotoni. Lakini hofu ikishakushika haikuulizi umelelewa wapi, nikakimbia mbele ya watu wote, nikaishika ile tablet, na vidole vyangu vikatua juu ya vidole vyake.

"Tata!" shangazi yake Clarisse akapiga kelele. "Mukwe anashika mama mukono!"

Niliganda. Nikiiachia, tablet inaanguka na kuvunjika. Nisipoiachia, mke sina. Mwishowe niliiachia (hakuiangusha, Mungu mwema), nikarudi kinyumenyume bila kutazama, kiti cha plastiki kikanipokea vibaya, nikaanguka chali miguuni pa mjomba mkubwa, aliyesogeza viatu vyake pembeni.

Mama Ngalula akaiweka tablet juu ya kiti, kioo chini. Nikajua nimekwisha. Kisha akaongea bila kusoma.

"Bwana yangu hakunipenda na maneno. Kila asubui alinipashia maji ya kuoga. Tangu aende, ninaoga na ya baridi."

Akakaa. Watu wakalia, na mimi pale chini nikalia pia, kwa aibu, kwa sababu nilikuwa nimeyapiga chapa maneno yale yote na kuyapamba maua, na nilikuwa sijayasoma hata mara moja.

Jibu sikupewa siku ile. "Utaleta kwanza mbuzi ya kunawisha mama mukono," mjomba mkubwa alisema, "kisha tutaonana." Nilipeleka mbuzi, nikangoja hadi nikakonda, na jibu lilipokuja lilikuwa ndiyo.

Tangu hapo mtu akiniletea maandishi namuuliza kwanza yatasomewa kwenye nini, na kwa macho ya nani. Na juzi mama mkwe alinituma tena, kwa kupitia Clarisse, nimwekee maneno yake ya kusema kanisani. Niliyasoma yote, nikayaweka kwenye epub, bila ua hata moja. Aliyasoma vizuri tangu mwanzo hadi amina, hivyo ndivyo nilivyoambiwa, maana mimi nilikuwa nje, mlangoni, na kamba za viatu nimeshazifunga.