Dawa za Kutoka Nakonde

Kazi yangu hapa Tunduma ni kutoa mizigo forodhani. Mtu wa kazi hii huzoea kuamini kwamba hakuna kinachoshindikana, mradi anajua nani wa kumpigia simu. Nilimuuguza mama kwa imani hiyo hiyo.

Mama alikuja kutoka Igamba msimu wa kuchuma kahawa, ameshika tumbo. Miaka yote alimeza vidonge vya maumivu ya magoti kama karanga, na vilikuwa vimemtoboa tumbo. Akapasuliwa, akaruhusiwa, nikamleta kwangu. Homa ilipoanza hatukurudi hospitali. Nilimpigia dereva mmoja, akaniletea antibayotiki kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Homa ikashuka, ikapanda tena. Nikaagiza kali zaidi, za sindano, na jirani aliyewahi kuuza dawa dukani akawa anamchoma asubuhi na jioni. Tulikwenda hivyo wiki tatu, mama mdogo, aliyekuja kusaidia kumuuguza, akimwogesha na kunisifu kwa kujua watu.

Siku aliposhindwa hata uji, tulimkimbiza hospitali. Wakamfungua tumbo mara ya pili, wakamlaza kwa wagonjwa mahututi, mipira puani na shingoni. Daktari, dada mdogo kwangu kwa umri, macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliniuliza, "Kaka, tangu aruhusiwe ametumia antibayotiki zozote?"

"Za kwenye cheti tu, daktari."

Forodhani ofisa akiuliza, unataja kilichoandikwa kwenye karatasi, basi. Ulimi wangu ulijibu kwa mazoea, na aibu ikanizuia kurekebisha. Mama mdogo alinitazama, akanyamaza. Alidhani najua ninachofanya.

Siku ya tano daktari aliniita tena. Maabara walikuwa wamekuta fangasi kwenye usaha wa tumboni. Nikampandishia sauti. Fangasi si za miguuni? Mama yangu anaoga mara mbili kwa siku! Akanieleza taratibu kwamba fangasi wamo tumboni mwa watu wengi, na bakteria ndio wanaowabana. Ukiwaua bakteria wiki baada ya wiki, fangasi wanapata nafasi, na tumbo likitoboka wanasambaa.

"Ndiyo maana niliuliza," akasema. "Ningejua, ningeanza dawa yao siku ile ile."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, aliandika tu kwenye faili. Laiti angenigombeza.

Dawa ya fangasi walianza kumtundikia jioni ile. Siku ya tatu ya dawa hiyo figo zilikataa, na mama akafariki asubuhi, mimi nimetoka kununua maji.

Baada ya mazishi kule Igamba, mama mdogo alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya waumini. 

"Mtoto huyu amemhangaikia mama yake," akasema. "Dawa alizifuata hadi Zambia. Mungu amlipe sawasawa na alivyotenda."

Watu wote wakaitikia amina. Nami nikaitikia.