Muuza heringi aliyekaukiwa mate

Saa tatu asubuhi, pipa la kwanza la heringi wapya, samaki wa msimu, linafunguliwa sokoni Vlaardingen, Uholanzi, na hakuna anayegusa kitu. Foleni imefika ukuta wa kanisa. Macho yote yako kwa Gonnie Verboon, mwenye kibanda.

Sheria ya hapa aliiweka marehemu baba yake: muuzaji hula wa kwanza, mbele za watu. Heringi mbichi, laini, aliyelazwa kwenye chumvi, anashikwa mkia, kichwa cha mlaji kinarudi nyuma, mdomo wazi. Usipokula, huuzi.

Mwaka jana Gonnie hakuuza.

"Siwezi kumpa mtu kitu ambacho mimi mwenyewe kimenishinda kumeza," anasema mama huyu wa miaka hamsini na tisa. Wiki hizi chache za heringi wapya humlisha karibu nusu mwaka. Mwaka huu aliapa: ikishindikana tena, kibanda anakiuza.

Saratani ya koo imeondoka. Kilichobaki ni madhara ya mionzi iliyoifukuza. Mate yalikauka. Shingo ilikakamaa kama kamba iliyolowa ikaanikwa juani. Taya liligoma kufunguka, hata kijiko cha chai kikawa kinabisha hodi. Miezi kadhaa alilishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni.

"Ladha nayo ilihama. Kahawa ilikuwa kama nimelamba boksi lililonyeshewa," anasema, kisha anapiga funda la maji. Chupa haimtoki mkononi. Daktari alimwambia mate huenda yasirudi yote. "Nikasema sawa, nitatembea na kisima changu."

Taya alilipigania kwa vijiti bapa vya mbao, vile vya aiskrimu. Anavibana kati ya meno, anatulia, anachomeka kingine. Alifanya akipika, akitazama mpira, akigombana na mumewe, Leendert.

"Ndio ugomvi pekee niliowahi kushinda," anasema Leendert.

Kazi ilibaki kwenye kichwa. Wietske, mtaalamu wa kumeza hospitalini, alimkataza katakata kumeza kichwa kikiwa nyuma, chakula kisije kikaingia njia ya hewa. Ashushe kidevu hadi kifuani, ndipo ameze. Sasa heringi ataliwaje?

Leo Leendert, kwa huruma zake, amemkatia samaki vipande na kuvipanga kwenye sahani, kama wanavyokula watu wa Amsterdam.

"Hii nini? Kwani umenioa Amsterdam?" Gonnie anafoka. Foleni nzima inacheka.

"Mama, njaa inauma! Au tukuletee uji?" anapaza sauti mzee Arij, mstaafu wa kiwanda cha meli.

"Uji kanywe wewe kibogoyo! Mimi meno ninayo!"

Anachagua heringi mwembamba, bila kitunguu cha kunyunyizia juu kama ilivyo desturi, maana kitunguu bado kinamchoma kama kaa la moto. Anapiga funda. Anamshika mkia, anainua kichwa kadiri shingo inavyomruhusu, taya linaachia, anang'ata.

Kisu cha Leendert kimeganda hewani.

Gonnie anatafuna, anatafuna. Kisha anafanya jambo ambalo soko hili halijapata kuliona: anainamisha kidevu kifuani, kama anayemshukuru samaki. Anameza. Maji kidogo. Anang'ata tena, hadi unabaki mkia mtupu, anaupeperusha juu.

"Chumvi! Leendert, naisikia chumvi!"

Soko linalipuka kwa vifijo. Arij ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Anang'ata, kichwa kikiwa juu, halafu, bila kuambiwa na mtu, anashusha kidevu kifuani na kumeza. Aliye nyuma yake anafanya vivyo hivyo. Mpaka mchana, foleni nzima inamwinamia heringi.

"Kung'ata nang'ata juu, kumeza nameza chini," anasema Gonnie akifuta meza. Kibanda hakiuzwi. Kesho atampelekea Wietske heringi wake, aliyefungwa vizuri na mkia wake.

"Na mwakani," anasema, akiinua bakuli la vitunguu, analinusa, anakunja uso na kulirudisha mezani, "mwakani namla na hivi."