Oveni na Saumu za Mama

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja kuzaliwa mwisho. Aliingia siku ileile, akakaa, na mpaka leo namlea. Nitaeleza alivyokuja, wala sitajipamba.

Nimepika miaka kumi na minne katika nyumba moja ya wageni huko Diani, zile nyumba ambamo watu hukaa wiki mbili, wakaungua migongo, wakaenda zao. Jikoni mwake mlikuwa na oveni ya gesi iliyojengewa ndani ya kabati. Mwenye nyumba, mzee wa Kizungu aliyependa kueleza mambo hata usipomuuliza, alinifunza siku ya kwanza jinsi inavyopumua. Moto ukiwaka ndani, hewa chafu hutokea kwenye tundu la nyuma ikiwa na joto la kubabua. Hapo feni ndogo huvuta hewa baridi kutoka chini, ikaipitisha ubavuni mwa oveni, ikaichanganya na ile ya moto, kisha zote zikaingia kwenye bomba la bati na kutoka nje ya ukuta. Alinipeleka uani, akaniambia niweke mkono kwenye mdomo wa bomba. Niliweka. Ilikuwa vuguvugu tu, kama pumzi ya mtoto mwenye homa.

"Hii ikibaki jikoni, utalala usiamke," akaniambia. "Na haina harufu. Ukiona moto umekuwa wa manjano, zima, fungua madirisha, kisha uniite."

Nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikuambiwa.

Mzee yule alipobadilisha jiko lake alinipa oveni ya zamani. Nilifurahi hadi nikaona haya. Si kwa ajili yangu. Mimi naishi chumba kimoja Ukunda na sina pa kuiweka. Niliiwazia mama yangu, aliye kijijini Munje. Mama amepika maisha yake yote katika jiko la makuti la uani, kwa kuni na makumbi ya nazi, na kifua chake kilikuwa kimeshalipa. Akikohoa alfajiri unamsikia kutoka barabarani. Mimi ndiye mwanawe pekee aliye hai, na nilikuwa nimechoka kuambiwa na watu wa kijiji, "Mamako yuapigwa na moshi, nawe uko huko mahotelini." Nilitaka wafumbwe midomo.

Basi nilimjengea jiko ndani ya nyumba. Nikapiga plasta, nikapaka rangi ya maziwa, nikamtia fundi wa gesi kwenye tuktuk kutoka Ukunda. Alikuwa kijana wa bara, maneno yake nusu Kiswahili nusu sijui nini, lakini kazi yake aliijua. Aliizunguka oveni, akatazama ukuta wangu, akanitikisia kichwa.

"Mathe, hapa lazima nitoboe. Hii hewa inataka bomba itoke nje."

"Utoboe ukuta huu? Rangi haijakauka!"

"Hii ni kama gari, mathe. Ukiziba ekzosi, gari inazima. Na hii feni yake pia inataka stima."

Umeme haukuwa umefika upande ule wa nyumba. Na ukuta, Mungu anisamehe, niliupenda ukuta ule. Wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kuja kuutazama. Nikamwambia fundi dirisha lipo, hewa itatokea dirishani. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi msifunge dirisha," akaunganisha mtungi, akawasha kwa kiberiti, akaenda zake. Bomba la bati nililiacha uani, kuku wakapata pa kupandia.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kujisifu. Kikohozi cha mama kilipungua. Nikija mwisho wa wiki namkuta amevaa leso safi isiyonuka moshi, nami moyo wanikaa sawa. Tatizo lilikuwa mkate wa sinia. Mama ndiye anayeombwa mkate wa sinia Munje nzima, na mkate huo kwa desturi yetu hupikwa kwa makaa juu na makaa chini, na chochote kinachovujisha joto huzibwa. Sufuria ya biriani tunaiziba mdomo kwa donge la unga wa ngano ili mvuke usitoroke. Mpishi anayeacha joto likapotea kwetu ni mpishi mvivu, hakuna zaidi. Sasa mama akawa kila siku anaweka mkono nyuma ya oveni na kusikitika.

"Moto wote watoka huku," alisema. "Mkate wawa mweupe juu kama mgonjwa. Hawa walioiunda hawakuwa na mama?"

Na kweli, kwa kuwa feni ilikuwa haifanyi kazi, hewa ile ilitoka kali mno hata ukuta wangu wa maziwa ukaanza kuwa na doa la kahawia. Doa lile ndilo lililoniuma. Jumamosi moja mama alikuwa na bonge la unga mkononi, akaonyesha lile tundu la nyuma, akaniuliza, "Niizibe hapa?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesimama kwenye jiko la watu wiki nzima. Nilitazama doa.

"Ziba," nikasema.

Neno moja. Sikulifikiria hata kwa muda wa kumeza mate. Kama angeniuliza mgeni wa Diani, ningemzuilia mkono. Kwa wageni nilikuwa mtaalamu. Kwa mama yangu nilikuwa mtu aliyechoka.

Mkate ukaiva juu. Mama akafurahi kama msichana. Moto ukabadilika, ukawa mrefu na wa manjano, naye akaniita nije nione. "Sasa umefanana na moto," akasema. Nami niliuona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa, tena kwa maneno mazima, na bado nikacheka naye.

Halafu Ramadhani ikaingia. Hapa sina budi kumweleza asiyemjua mama. Saumu kwake si ibada tu, ndiyo fahari yake yote duniani. Hana mali, hakusoma, mume amekufa mapema, watoto wengine amewazika. Lakini tangu alipovunja ungo hajawahi kudaiwa na Mwenyezi Mungu siku hata moja. Zile za udhuru wa kike alizilipa zote kabla mwaka haujageuka. Wenzake wakilalamika njaa, yeye huwaambia, "Mimi njaa yanijua, hunipisha."

Alikuwa na adabu nyingine. Alilelewa akiambiwa kwamba harufu ya chungu ikimfikia jirani, jirani ana haki katika chungu hicho: ama umgawie, ama asiisikie. Nyumba ya pili ina watoto wengi, na mama alikuwa na sinia moja. Zamani jiko la uani lilimtangaza apende asipende, hivyo alikata mkate vipande vidogo mpaka mwenyewe akabaki na makombo. Sasa alikuwa na jiko lenye dirisha. Alilifunga. Alifunga na mlango, akatia na kitambaa chini yake, ili watoto wale waliofunga saumu zao za kwanza wasiteswe na harufu ya iliki. Aliniambia hivyo mwenyewe, na mimi nikasema, "Vyema, mama."

Wiki hiyo alisema kichwa chamuuma kila alasiri. Tukasema ni saumu.

Siku ya kumi na mbili niliruhusiwa mapema kazini. Nilifika Munje baada ya alasiri. Nikabisha hodi, kimya. Nikausukuma mlango wa jikoni ukiwa mzito kwa kile kitambaa. Mama alikuwa sakafuni kando ya beseni la unga, uso mwekundu ajabu, midomo wazi. Nyuma ya kioo moto ulikuwa wa manjano, na mkate umejaa masizi. Nilizima, nikapiga dirisha kwa kiwiko likafunguka, nikamburura kwa makwapa mpaka uani. Kwa muda ule mfupi tu kichwa changu mwenyewe kilianza kugonga. Hapo nilijua. Sikuhitaji daktari wala fundi. Nilijua kama ninavyolijua jina langu.

Jirani mwenye tuktuk akatukimbiza zahanati ya kule Msambweni. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza nini kimetokea nyumbani.

"Alikuwa amefunga," nikasema. "Jikoni kuna joto."

"Mnatumia jiko la makaa ndani ya nyumba?"

"La," nikasema. "Makaa tumeyaacha zamani."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uwongo. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa mpishi wa Wazungu, mwenye jiko la kusifiwa, na mamangu amelala pale kwa sababu sikutaka ukuta utobolewe. Daktari akampima presha, akamtundikia maji, mama akapata nafuu siku ya pili. Kisha akatuambia, kwa upole wake uleule, kwamba umri umekwenda na mwili haustahimili tena; mama asifunge, si mwaka huu wala mwakani. Atoe fidia, dini imeruhusu.

Mama alinitazama. Alikuwa akingoja nimwambie daktari kwamba hamjui anayezungumza naye. Nilikunja leso yake nikaitia mkobani.

Kesho yake nilimrudisha fundi. Nilibandua unga uliogandamana kwenye tundu, akatoboa ukuta, akalifunga bomba ambalo kuku walikuwa wamelichafua, akavuta waya wa feni kutoka sebuleni. Niliweka mkono nje ya ukuta. Vuguvugu. Kazi ya nusu siku, basi! Mama alipouliza, nikamwambia ni kwa ajili ya unadhifu.

Sijui kama nitaweza kueleza mama alivyokula mchana wa Ramadhani. Hakukaa mezani. Aliingia chumbani, akaugeukia ukuta, akajifunika leso kichwani, akala wali mkavu upesi upesi kama mtu anayeiba. Mgeni akibisha, anaficha sahani chini ya kitanda. Hakuwahi tena kuwatania wenzake juu ya njaa. Ramadhani ya pili ikaja, akala yote, siku thelathini, na kila siku akapeleka fidia kwa watoto wa nyumba ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nikija namkuta amekonda kuliko alivyokuwa akifunga. Nami kila mara nilijiambia nitamwambia wiki ijayo. Miezi mingapi? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikiyaficha maradhi ambayo anayaugua mwingine.

Mwaka huu, Rajabu ilipoandama, nilimkuta barazani akichagua mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Baadaye, mkono bado ukiwa ungoni, akasema:

"Nilikuwa najisifu sana, mwanangu. Nafikiri Mwenyezi Mungu alizitazama saumu zangu akaona kibri ndani yake, akazikataa. Nimemuomba msamaha kila usiku. Bado hanijibu."

Kuna mambo ambayo hata mtu mwoga kama mimi hawezi kuyameza. Nilimweleza. Nilianza na mzee wa Kizungu na moto wa manjano, nikaja kwa fundi, kwa ukuta, kwa lile neno langu moja, kwa daktari na makaa. Sikulia, kwa kuwa nilihisi kulia kungekuwa kumwomba jambo.

Mama aliuweka ungo chini.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Na ulipokuwa wanitazama nala?"

Pembeni kuku walikuwa wakiudonoa mchele uliomwagika, wala mama hakuwafukuza.

"Arubaini na tisa," akasema mwishowe. Hakuwa amehesabu kwa vidole. Idadi alikuwa nayo tayari. "Nitazilipa kabla ya Ramadhani. Maji ya daku nitajiwekea mwenyewe."

Alianza kesho yake. Nilimtafutia daktari mwingine, safari hii nikasema yote, akampima akasema moyo wake ni mzima, afunge akipenda, tuwe tunamwangalia. Sasa kila jioni nikitoka kazini napanda gari hadi Munje na futari niliyompikia, kwani mama hali tena chochote kutoka oveni ile. Anaipokea kwa mikono miwili, anasema ahsante, anasema Mungu akulipe, kama anavyomwambia mtu yeyote aliyemletea chakula. Anafunga vizuri. Uso umerudi. Juzi nilimsikia akimtania jirani kuhusu njaa, nikasimama nje ya mlango nisije nikamkatiza.

Jana ilikuwa ya ishirini na tatu. Nilifika kabla ya magharibi, tukakaa barazani tukingoja adhana. Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Mama alizitazama tende zilizokuwa kwenye sahani, akaisogeza sahani mbali nasi kidogo.

"Usiniulize hilo sasa," akasema. "Nimefunga. Sitaki kusema uwongo."